Askari wa Kifaru

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Moshi, awe ndani ya basi au katika treni, huwa na milima mkono wake wa kulia karibu safari nzima. Kwanza ni Usambara, kisha ni Upare. Jicho lake hupanda kwenye miamba na migomba, hushuka kwenye mkonge ulio chini, na akifika Same hununua tangawizi dirishani akaendelea na safari. Aghalabu hapitiwi na wazo la kuuliza kuna nini nyuma ya ukuta ule mrefu. Mimi nilizaliwa nyuma ya ukuta huo, upande wa Kisiwani, na kwa zaidi ya miaka ishirini nami niliishi kama msafiri yule.

Nyuma ya milima iko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ni uwanda wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200, uliotiwa vilima hapa na pale kama mafungu ya nafaka yaliyosahauliwa uwanjani, ukienda kaskazini mpaka ukaungana na Tsavo ya Kenya pasipo mto wala mlima kuonyesha kuwa nchi moja imekwisha na nyingine imeanza. Mpaka ule umo katika karatasi za watu. Tembo na punda milia hawakuusoma. Mvua ikinyesha huku huja huku, na ikikatika hurudi kule.

Jina la Mkomazi, kama lielezwavyo huko kwetu, limetoka katika Kipare: mko, kijiko kidogo cha mti, na mazi, yaani maji. Ni nchi ya kijiko kimoja cha maji. Hapana jina lililo kweli kuliko hilo. Mvua nyingi itokayo Bahari ya Hindi huangukia Usambara na Upare, juu kwenye misitu ya Shengena, ambako kilele hufikia karibu mita 2,460, na uwanda ulio nyuma hupewa masalio. Kwa hiyo ukisimama kijijini kwetu unasimama baina ya nchi mbili. Ukielekea mlimani unasikia mfereji ukienda shambani kutoka katika ndiva, bwawa dogo ambalo wazee walilijenga ili maji yakusanyike usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Ukigeuka, unaona miti ya kijivu isiyo na jani, na vumbi jekundu likitembea peke yake.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sikio langu haliwezi kusikia mko bila ya kukumbuka mwiko. Sidai kuwa nimethibitisha udugu wa maneno hayo. Nasema tu jinsi sikio lilivyo. Lakini mwiko kwetu una maana mbili: ni chombo cha kusongea ugali, na ni jambo lililokatazwa. Nilipokuwa mtoto uwanda ule ulikuwa mwiko wa maana ya pili. Tulionyeshwa kwa kidole na kuambiwa tusivuke. Kwa baba yangu, ambaye alizaliwa 1940, ulikuwa kwanza mwiko wa maana ya kwanza, mahali mbuzi walipopata kula. Hata mwaka 1951 ulipotangazwa kuwa pori la akiba, maana ikageuka mbele ya macho yake.

Shahada yangu ya uzamivu niliipata kwa kazi juu ya majina ya viumbe katika Kiswahili. Niliyakusanya kutoka katika kamusi, katika mashairi na katika vinywa vya watu, nikayapanga, nikaeleza viambishi vyake na safari zake. Mwishoni niliweka faharasa ndefu. Ndani ya faharasa hiyo maneno "aina ya ndege" na "aina ya mti" yanarudi mara nyingi kiasi cha kuona haya. Ugonjwa huo si wangu peke yangu, maana kamusi zetu nyingi zinao, lakini niliukuta nikaukuza. Mtahini mmoja aliniuliza kama nimepata kuwaona ndege niliowaandika. Nilimjibu kuwa kazi yangu ni neno, si ndege. Walicheka kwa upole, nami nikapewa shahada.

Mwaka jana baba yangu mdogo alifariki. Alikuwa mtu mcheshi, fundi wa kuezeka nyumba, ijapokuwa mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda tangu utotoni na alipanda ngazi kwa namna yake mwenyewe. Kwa kuwa mimi ndimi msomi wa ukoo, niliombwa kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma mbele ya waombolezaji. Niliandika habari ya kuzaliwa kwake, ufundi wake, watoto wake, na jinsi alivyoanguka kutoka juu ya mkwaju akiwa mtoto wa miaka minane akavunjika mguu. Nilisoma kwa sauti iliyotulia. Baba alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya mkongojo, akitazama chini.

Matanga yalipokwisha alinijia akasema, "Mwanangu, nataka unipeleke porini. Nataka kumwona kifaru kabla macho yangu hayajafunga kazi."

Sikuuliza sababu. Baba yangu si mtu wa kuulizwa sababu.

Tuliingia kwa lango la Zange, karibu na mji wa Same, mwishoni mwa kiangazi. Askari wa hifadhi aliyetupokea alikuwa kijana. Alimshika baba mkono akamwamkia, na alipojua kuwa mzee alipata kuchunga mbuzi katika nchi ile alimpa kiti cha mbele katika gari, akawa msikilizaji badala ya msemaji. Hilo lilinifundisha adabu zaidi ya semina nyingi nilizohudhuria.

Asubuhi ile Kilimanjaro ilikuwa wazi upande wa kaskazini magharibi, nyeupe kidogo kileleni, na nyuma yetu Upare ulikuwa umejifunika shuka la ukungu. Mbele yetu palikuwa na msitu wa mituritui ambayo mimi, katika faharasa yangu, niliiita "aina ya mti wenye miiba". Baba aliomba gari lisimame. Alivunja kitawi, akakwaruza gome kwa ukucha, na chini ya ganda lililokauka kama karatasi ikatokea rangi ya kijani kibichi. "Huu haukufa," alisema. "Umefumba macho. Mvua ikinyesha leo, kabla ya juma kwisha huwezi kuona ng'ombe wako ndani yake." Alinipa nilinuse. Ulikuwa na harufu ya ubani. Nilikuwa nimeandika miiba, ambayo ipo, nikaacha harufu, na gome, na usingizi wa mti.

Wanyama wa kiangazi cha Mkomazi ni wanyama wa subira. Hawaji kwa maelfu kama wale wa Serengeti, na mgeni aliyezoea picha za kalenda anaweza kuzunguka saa mbili akadhani amedanganywa. Jicho linapaswa kujifunza. Baba, ambaye hakuweza kusoma saa yake bila ya miwani, ndiye aliyemwona swala twiga wa kwanza. Alimwona kwa sababu alijua mahali pa kumtafuta. Mnyama huyu ana shingo ndefu na nyembamba, naye husimama kwa miguu ya nyuma wima kabisa kama mtu achungulaye juu ya ukuta, akachagua majani ambayo swala wengine hawayafikii. Maji yake huyapata katika majani hayo, hata anaweza kuishi muda mrefu bila ya kwenda kisimani. Nadhani yeye peke yake anakistahili kijiko kile cha maji, na hakitumii.

Tulimwona choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka na uso wa mistari kama aliyechorwa kwa ajili ya ngoma. Tuliona pofu wachache waliotoroka mapema, maana ni waoga kuliko ukubwa wao unavyoruhusu, na kongoni, na tandala mdogo aliyeyeyuka kichakani tukabaki kubishana kama tulimwona. Penye bwawa la Dindira tembo kumi na mmoja walikuwa wakinywa, wekundu kwa udongo wa nchi. Ndege wa Mkomazi ni zaidi ya aina 400, na sitawaorodhesha. Nimekwisha kuorodhesha ndege vya kutosha katika maisha yangu. Nitataja kanga mmoja tu, mwenye shingo ndefu isiyo na manyoya na kifua cha samawati iliyokolea. Kundi lao lilivuka njia mbio mbele ya gari, kichwa mbele, mfano wa wazee waliochelewa baraza.

Mbwa mwitu hatukuwaona wakiwinda, bali tuliwaona nyuma ya uzio, mahali wanapozalishwa na kutunzwa ili waachiliwe porini. Nitakatiza kidogo habari kwa ajili ya hao, maana jina lao lilinipa kazi siku nyingi. Wafasiri wa Biblia walipohitaji neno la mnyama yule wa nchi za baridi avamiaye kondoo, walimtwika mbwa mwitu wetu mzigo huo. Tangu hapo amehubiriwa vibaya katika kila kijiji chenye kanisa, kwa makosa ya mnyama ambaye hajapata kukanyaga nchi yetu. Ana madoa ya rangi tatu na masikio ya mviringo, na kundi lake hurudi kutoka mawindoni kuwatapikia nyama watoto na wagonjwa waliobaki. Sisemi hana hatia ya mbuzi. Nasema kesi yake ilisikilizwa kwa jina la mwingine.

Njiani baba alinyamaza tulipopita penye mawe matatu na mbuyu. Alisema tu kuwa hapo palikuwa na maboma ya Waparakuyo, na kwamba babu alikuwa akibadilishana nao ndizi kwa maziwa. Baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kubaki pori lilipotangazwa. Wengine waliingia baadaye na ng'ombe wengi. Mwaka 1988 wote walihamishwa. Kesi yao ilifika mpaka Mahakama ya Rufani, na hukumu ya 1999 haikuwarudisha. Tangu 2008 nchi hii ni hifadhi ya taifa.

Msomaji atataka kujua mimi nasimama upande gani. Mituritui ile, swala yule na bwawa lile visingekuwapo kama ng'ombe wasingepata mwisho, hilo naliamini. Naamini pia kuwa watu walioondolewa hawakuwa magugu. Ninapoona maandishi yanayoiita Mkomazi nchi isiyokuwa na mtu tangu zamani, hasira yangu ni ya mwalimu wa lugha: nchi isiyokuwa na mtu haipati jina la kijiko. Lazima awepo aliyeinama, akachota, akaona kilichopatikana ni kidogo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa Royal Geographical Society ya Uingereza walifanya utafiti mkubwa huko katika miaka ya 1990, wakahesabu wadudu, nyasi na ndege. Ni kazi ya kuheshimiwa, nami nimeitumia. Vilivyobaki kuhesabiwa ni vile ambavyo baba alikuwa akivitaja kwa kidole kupitia dirisha la gari, na siku zake zilikuwa zikipungua.

Kifaru mweusi alikuwa mwenyeji wa uwanda huu, kisha akamalizwa na majangili kwa ajili ya pembe yake. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 hapakuwa na hata mmoja. Mwaka 1989 alikuja Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyefanya kazi na George Adamson huko Kora, akashirikiana na serikali kufufua pori, kutengeneza njia na mabwawa na kujenga uzio wa umeme. Vifaru wa kwanza waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, na wengine 2001. Mwaka 2009 waliletwa watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Ucheki, na 2012 wengine watatu kutoka Uingereza. Fikiri habari ya mnyama aliyezaliwa penye theluji, akashushwa chini ya Upare na kupewa mwiba kuwa chakula cha jioni. Aliula. Mdomo wake wa juu umechongoka kwa ajili ya kazi hiyo, na kuzaliwa mbali hakukuunyoosha. Fitzjohn alifariki 2022. Wazao wa wanyama wale wamo.

Tulihamishiwa katika gari jingine tukaingizwa ndani ya uzio. Tulingoja kwa muda mrefu. Kisha yule askari kijana alinyosha kidole: kivuli cha kijivu chini ya mgunga, ambacho ningeapa kuwa ni mwamba, kiligeuza sikio. Juu ya mgongo wake palikuwa na ndege wadogo wanne wa rangi ya hudhurungi, midomo yao myekundu, wakitembea ubavuni mwake kama mafundi juu ya paa.

"Waangalie hao," baba alisema kwa sauti ndogo. "Unawajua?"

Niliwajua. Ni askari wa kifaru. Katika faharasa yangu nimeandika: askari wa kifaru, aina ya ndege.

Gari lilisogea hatua chache. Ndege mmoja akalia kwa mlio mkali kama wa nafaka iliyotupwa kwenye bati, wote wakaruka, na mwamba ule ukasimama kwa miguu minne ukatukabili. Kifaru haoni mbali. Anasikia na kunusa, lakini jicho lake ni dhaifu. Mwaka 2020 ilitangazwa kazi ya watafiti wawili waliofuatilia jambo hili huko Afrika Kusini. Mtu alipomwendea kifaru asiye na ndege, kifaru alitambua mara 23 tu katika kila 100. Alipokuwa na ndege hao, alitambua kila mara. Watafiti wenyewe walikiri kuwa jina la Kiswahili ndilo lililowatia shauku ya kuuliza. Mimi nililijua jina hilo miaka mingi kabla yao, nikaeleza ngeli yake, sikuuliza analinda nini.

Nilianza kumweleza baba habari ya utafiti huo. Alinizuia kwa mkono.

"Mdogo wangu hakuanguka mkwajuni," alisema.

Yule kijana alizima gari.

Ilikuwa mwaka ule ule wa 1951. Babu alikuwa amewakataza kushuka uwandani, lakini mbuzi walikuwa na njaa, nao wakashuka. Baba alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake minane. Mdogo alikuwa mbele akifukuza mbuzi mmoja mkaidi. Baba, ambaye tayari alikuwa amefundishwa, aliwaona askari wa kifaru wakiruka kutoka kichakani na kulia. Alijua ni nini. "Nilijua kama ninavyojua jina langu," alisema. "Nikageuka nikakimbia. Sikupiga kelele. Ndege walipiga kelele, mimi sikupiga." Alisikia mlio nyuma yake na hakugeuka mpaka alipofika kwenye mfereji. Aliporudi, kifaru alikuwa amekwenda zake na mtoto amekaa chini akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alimbeba mpaka kwenye ndiva, akamwosha, na wakapatana juu ya mkwaju, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamevunja mwiko. Mdogo aliushika mkwaju ule miaka yote, mpaka nilipousoma mimi mbele ya watu, kwa sauti iliyotulia, juu ya jeneza lake.

"Hakupata kuniuliza kwa nini sikuita," baba alisema. "Ningependa angeuliza."

Kifaru alitutazama, au alielekeza uso wake penye harufu yetu, kisha akageuka akaingia kichakani bila haraka. Ndege walirudi mgongoni mmoja mmoja. Sikupata la kusema. Nina maneno mengi, na ni kazi yangu kuwa nayo, lakini yote niliyoyapitia wakati ule yalikuwa ya kumfariji mtu ambaye hakuomba kufarijiwa. Nikamshika mkono, naye akauacha ushikwe mpaka langoni. Alimshukuru yule kijana, akamuuliza mama yake ni mzima.

Jioni tuliketi ukumbini nyumbani. Mwenye zamu alikuwa amekwisha kufunga ndiva, maji yakawa yanakusanyika. Nilitoa nakala ya faharasa yangu niliyokuja nayo, nikafuta maneno mawili, nikaandika mengine kwa kalamu ya risasi, kisha nikamsomea baba: askari wa kifaru, ndege mdogo wa hudhurungi mwenye mdomo mwekundu, hukaa juu ya kifaru na nyati akila kupe, na akiona hatari hulia, kifaru akasikia.

Alisikiliza huku amefumba macho.

"Andika tena hapo mwisho," alisema. "Na mtu husikia."